Ndege ya kukodi hadi Tororo: mzigo unaoingia na saa za marubani

Wafanyabiashara wa Molo na maeneo mengine ya wilaya ya Tororo wanaofikiria kukodi ndege ya mizigo wanashauriwa kuuliza kwanza uzito utakaobebwa siku ya safari, si ule ulioandikwa kwenye karatasi ya bei. Tofauti ya namba hizo mbili inaweza kula faida yote. (Molo hii ni ya Uganda, isichanganywe na ile ya Nakuru, Kenya, inayosifika kwa viazi.)

Ndege inayotumiwa sana na kampuni ndogo za Wilson mjini Nairobi na Kajjansi karibu na Kampala ni Cessna 208B Grand Caravan. Ina injini moja ya panga na inastahimili viwanja visivyo na lami. Uzito wake wa juu kabisa wakati wa kuruka ni kilo 3,969. Ikiwa imetolewa viti, ndege yenyewe ina takriban kilo 2,150. Ukiongeza marubani wawili na mikoba yao, zinabaki kama kilo 1,630, na hapo mafuta hayajaingia. Caravan hunywa takriban kilo 180 za mafuta kwa saa.

Tatizo la mpakani linaanzia hapo. Kutoka Wilson hadi Tororo kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 370, saa moja na dakika chache. Lakini Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huitaka ndege inayotoka nchi nyingine itue kwanza kwenye kiwanja cha forodha, na kwa safari hii kiwanja cha kawaida ni Entebbe. Kwa hiyo mzigo wa mtu anayekaa karibu na Malaba unapita juu ya mpaka, unakwenda kama kilomita 500 hadi Entebbe, kisha unarudi nyuma 200 hivi hadi Tororo. Kwa mafuta ya safari ya kwanza na akiba yake, mzigo unaobaki ni kati ya kilo 1,100 na 1,200. Joto na mwinuko hupunguza zaidi: Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Tororo zaidi ya mita 1,100. Hewa ikiwa nyepesi ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia, na mvua ikilowesha udongo hali huwa ngumu zaidi.

Let L-410 ya injini mbili hubeba mzigo zaidi kidogo ya Caravan. Fokker 50 hubeba tani tano na zaidi, nayo imejulikana kwa kupeleka miraa Somalia, lakini inataka kiwanja kirefu na kigumu.

Upande wa marubani ndio unaosahaulika zaidi. Saa zao za kazi zina kikomo kisheria, na huanza kuhesabiwa wanaporipoti kazini, si ndege inapopaa. Wakala akichelewa na hati za forodha kwa saa tatu, saa hizo zimetoka kwa marubani. Viwanja vidogo vingi havina taa, hivyo safari isiyokamilika kabla ya saa 12 jioni hulala, na gharama ya kulala mara nyingi huangukia aliyekodi. Aidha, rubani mkuu ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu uzito. Akisema katoni ishirini zishuke, zinashuka, hata kama malipo yamekwisha kufanyika. Mzigo upimwe kwenye mizani mapema, na betri, rangi au mitungi ya gesi itajwe kabla, maana bidhaa hatari zina masharti yake.

Kwa kampuni mpya, aliyekodi aombe kuona cheti cha uendeshaji kutoka mamlaka ya anga ya nchi yake, na ahakikishe namba ya usajili ya ndege atakayopewa imo ndani ya idhini hiyo. Mkataba ueleze pia nani analipia safari ya kurudi tupu, kwani kampuni nyingi hutoza kwa saa za kwenda na za kurudi.

Kwa saruji, nafaka au nguo, hesabu hii haiwezi kushinda lori, hasa tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018. Inabaki kwa vifaranga wa siku moja, dawa, au kipuri cha kilo 300 ambacho bila hicho kiwanda kimesimama. Na hata kipuri hicho, kikiwa tayari kimefika Nairobi asubuhi na hati zake ziko sawa, pikapu inayopita Malaba usiku huenda ikakifikisha kabla ya ndege iliyokosa kibali cha siku hiyo.