Serotonini, Damu ya Ubongo na Suala la Umri: Historia Fupi

Mwaka 1948 ulitoa matokeo mawili ambayo kwa muda mrefu hayakukutanishwa. Huko Cleveland, Marekani, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page walitenga kutoka katika seramu ya damu kemikali inayobana mishipa, nayo ikaitwa serotonini. Huko Philadelphia, Seymour Kety na Carl Schmidt walichapisha mbinu ya kupima mtiririko wa damu ubongoni mwa binadamu aliye hai. Ikumbukwe kwamba serotonini iligunduliwa na wachunguzi wa shinikizo la damu, si wa huzuni. Mwaka 1953 ndipo Betty Twarog na Page waliporipoti kuwa imo pia ubongoni.

Suala la umri liliingia kupitia vipimo. Mwaka 1957 Charles Kennedy na Louis Sokoloff walionyesha kwamba ubongo wa mtoto hupokea takribani mililita 106 za damu kwa kila gramu 100 kwa dakika, ilhali wa kijana aliyekomaa hupokea takribani 60. Kwa maoni yetu, hapo ndipo maswali haya mawili yangepaswa kuunganishwa, kwa kuwa kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa serotonini hakifanyi kazi bila oksijeni, na oksijeni huletwa na damu.

Muunganiko huo ulichelewa. Baada ya mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walifunga ateri ya shingo ya vitoto vya panya vya siku 3 na kuvivutisha hewa yenye oksijeni haba. Seli za serotonini zikapungua hata katika shina la ubongo, mbali na jeraha lenyewe. Kwa upande wa wazee, George Alexopoulos na wenzake walikuwa wamependekeza mwaka 1997 kwamba sonona ya uzeeni huweza kutokana na maradhi ya mishipa ya ubongo.

Nadharia ilipofika wodini, umri ulisahauliwa tena. Mwaka 2011 jaribio la Ufaransa lenye wagonjwa 118 wa kiharusi lilionyesha kuwa fluoksetini, dawa inayoongeza nguvu ya serotonini, husaidia viungo kurejea. Jaribio la Uingereza la mwaka 2019, lenye wagonjwa 3,127 ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 71, halikuona nafuu hiyo. Sonona mpya ilipungua, lakini waliovunjika mifupa walikuwa 45 miongoni mwa waliopewa dawa, dhidi ya 23 waliopewa vidonge visivyo na dawa.