Maradhi ya Neva Yaliyofichika

Huku kwetu, Baraka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika na Fizi milimani, mtu akianza kukazika miguu husikika neno lile la zamani: amerogwa. Jeraha halionekani, homa hana, wala mfupa haukuvunjika. Wapenzi wasomaji, tusiwacheke wasemao hivyo. Hata mabingwa wa Ulaya walihangaika miaka mingi mbele ya maradhi ya namna hii.

Mwaka 1868, mjini Paris, daktari Charcot wa hospitali ya Salpêtrière alieleza wazi ugonjwa mmoja wa neva. Aliwaangalia wagonjwa wakiwa hai. Walipokufa, akachunguza ubongo na uti wa mgongo wao, akakuta makovu magumu yaliyotawanyika. Tuuite hapa sklerosi ya makovu mengi. Kinga ya mwili, iliyo askari wetu, huligeukia ganda la mafuta lifunikalo nyuzi za neva na kulila. Wagonjwa wengi hushikwa, kisha hupata nafuu, kisha hushikwa tena. Wengine hushuka polepole mwaka kwa mwaka pasipo kurudi juu, na hao ndio wa sklerosi iendeleayo.

Basi, kwa miaka zaidi ya mia moja kovu lilionwa baada ya mazishi kukaribia. Picha za Röntgen, zilizogunduliwa mwaka 1895, zilionyesha mifupa tu. Mwaka 1981 madaktari wa London walitumia mashine yenye sumaku kubwa kuwapiga picha wagonjwa 10 wa sklerosi. Makovu yakatokea mengi kuliko yaliyoonwa kwa mashine za awali. Tangu hapo iliwezekana kumpiga picha mtu yule yule mara kwa mara na kulinganisha. Yakaonekana mambo ya ajabu: makovu mapya huzuka hata siku ambazo mgonjwa ajiona mzima! Na katika sklerosi iendeleayo huenda makovu mapya yakawa machache, huku ubongo na uti wa mgongo vikinywea. Kwa hiyo siku hizi mabingwa hupima hata unene wa uti shingoni. Mwaka 2017 Marekani ilikubali dawa ya kwanza, okrelizumabu, kwa wale ambao ugonjwa wao huendelea tangu mwanzo. Dawa hiyo hupunguza mwendo wa ugonjwa, haiuondoi.

Sklerosi hiyo ni adimu katika nchi za ikweta. Lakini Kongo yetu ina ugonjwa wake wa miguu, nao yatupasa kuujua zaidi. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938 kutoka Kwango, ambako Wayaka huuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mwaka 1985 ulizuka Tarime, Tanzania, na mwaka 2011 madaktari waliandika kuwa umetokea hata Kivu ya Kusini, katika nchi iliyochoshwa na vita. Sababu yake ni muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, ukiliwa siku nyingi bila samaki, nyama wala maharagwe. Vita na njaa huwafanya akina mama wafupishe siku za kuloweka, nani atawalaumu?

Konzo hushika ghafula, miguu yote miwili, kisha hausongi mbele. Wagonjwa wawili kutoka Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, walichunguzwa kwa mashine ya sumaku, na habari zao zikatolewa mwaka 1993: picha za ubongo na uti hazikuonyesha kasoro yoyote. Hapo mashine ilinyamaza, na miguu ndiyo iliyosema.

Tena, kupima mwendo wa ugonjwa hakukuanza na mashine. Mwaka 1955 daktari Kurtzke wa Marekani alitunga kipimo cha sklerosi, akakipanua mwaka 1983, kiendacho toka 0 hadi 10. Sehemu yake kubwa ni kutazama mtu aendavyo. Atembeaye mita 100 kwa fimbo moja yuko kwenye 6. Asiyeweza kupita hatua chache na hutumia kiti cha magurudumu yuko kwenye 7. Muuguzi wa Fizi mwenye daftari, kalamu na uwanja uliopimwa aweza kuandika hayo kila baada ya miezi sita, na daktari wa mbali akayasoma. Akiona namba imesimama mwaka baada ya mwaka, atauliza habari za muhogo. Akiona yapanda, atamtafutia mgonjwa njia ya kufika kwenye mashine.