Wimbo wa Uskoti Uliopewa Uraia Japani

Kuna watu hupenda kusema Wajapani waliiga tu muziki wa Wazungu. Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni wimbo mmoja.

Perry alipofika na meli za kivita za Marekani mwaka 1853, alikuja na bendi pia. Tusidanganyane, huo ulikuwa muziki wa kutisha watu. Baadaye serikali ya Meiji ikaamua kuuingiza shuleni kabisa. Izawa Shuji, aliyekuwa amesomea Massachusetts, ndiye alisukuma mpango huo, na mwaka 1880 mwalimu Luther Whiting Mason akaletwa kutoka Boston. Kwenye kitabu chao cha nyimbo wakaweka tuni ya Auld Lang Syne, ya Uskoti, na maneno mapya ya Kijapani. Ukaitwa Hotaru no Hikari, yaani mwanga wa vimulimuli. Tuni hiyo ina noti 5 tu, na nyimbo nyingi za Kijapani pia zilijengwa kwa noti 5, kwa hivyo sikio halikushtuka. Watoto wakauimba siku ya kumaliza shule, mwaka baada ya mwaka.

Sasa ona vita vilipochacha. Januari 1943 serikali ilipiga marufuku nyimbo karibu 1,000 za Marekani na Uingereza. Jazi ikawa muziki wa adui. Lakini Hotaru no Hikari ukaachwa, eti tayari ni wa Kijapani! Na Uskoti iko wapi, kama si Uingereza? Enyewe hata serikali yenye hasira ilishindwa kuung'oa.

Beethoven aliingilia mlango mwingine: wa wafungwa. Wajerumani waliotekwa Tsingtao mwaka 1914 walizuiliwa kambi ya Bando, na tarehe 1 Juni 1918 wakapiga Simfoni ya Tisa yote. Wanawake hawakuwepo, kwa hivyo wanaume wakaimba hadi sehemu zao. Siku hizi Tisa ni ya kila Desemba, na Osaka, tangu 1983, hukusanya waimbaji 10,000, wengi wao raia wa kawaida tu.

Beatles nao mwaka 1966 walipingwa na wazalendo wakali, ati wanachafua Budokan, ukumbi wa judo. Walicheza tu.

Na ile tuni ya Uskoti? Maduka mengi Japani huipiga jioni yakikaribia kufunga. Mteja akiisikia haulizi imetoka wapi. Anakimbilia kulipa.