Prosesa Kongwe na Picha za Wazee



Hapa Wetherill Park, magharibi ya Sydney, nasafisha picha za ukoo zilizopigwa studio za Mji Mkongwe. Kompyuta yangu ni ya Core 2 Duo, prosesa iliyotoka 2006. Wapo wasemao ati mashine kama hii hukataa programu mpya kwa kuwa ni goigoi. Siyo hivyo, hii ni historia ya msamiati. Prosesa huelewa amri ilizozaliwa nazo tu. Intel iliongeza amri za SSE2 kwenye Pentium 4 mwaka 2000. Zile za SSE4.2 zikaja na Nehalem mwaka 2008. Photoshop, iliyoanza kuuzwa 1990, siku hizi inadai angalau SSE4.2. Basi hata ukiongeza RAM, Core 2 Duo haitajifunza neno jipya.

Mie natumia GIMP 2.10 ya mwaka 2018, isiyodai amri hizo. Inakwenda polepole, lakini madoa yanatoka na sura ya bibi inaonekana.

Ila tusiziache picha za wazee katika PSD peke yake. Tuweke na nakala ya TIFF, muundo wa tangu 1986, unaofunguka kwenye programu nyingi, kongwe na mpya. Wajukuu nao wataka kuwaona.