Mwani wa Mama Zetu na Begi la Bi Harusi

Tukifunga begi la bi harusi huwa tunahesabu kanga, udi, liwa, singo na sabuni. Leo tuitazame hiyo sabuni, maana ya mwani ina historia ya mama zetu ndani yake.

Kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu za Ufilipino. Wanawake ndio waliokishika. Maji yakitoka wakati wa bamvua walishuka pwani, wakapiga vigingi na kufunga mbegu kwenye kamba. Baada ya wiki sita hivi walivuna na kuanika. Fedha hizo zilinunua sare za watoto na mabati ya nyumba.

Lakini bei hawakuipanga wao. Kampuni ziliwapa kamba na vigingi, nao ikawabidi wauze kwa kampuni hizo hizo. Mwani mkavu ulikwenda ng'ambo kutolewa karajinani, inayotiwa kwenye dawa ya meno na vipodozi ili viwe vizito. Bahari ilipozidi joto, kotonii, aina yenye bei nzuri, ikawa inakufa. Ikabaki spinosumu ya bei ndogo.

Mwaka 2006 mtafiti Flower Msuya na wenzake walianzisha mpango wa kuwaunganisha wakulima, wataalamu na wafanyabiashara. Wanawake wa Kidoti na vijiji vyengine wakajifunza kusaga mwani na kupika sabuni. Hapo aliyelima akaweza kutaja bei yake mwenyewe.

Na sisi tunamjibuje? Sabuni ya dukani iliyotoka nje tunailipia bila ya neno. Ya mama wa kijijini tunapatana mpaka faida yote inaisha, na pengine tunaichukua kwa mkopo. Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaojipimia kamili na kuwapunjia wenzao. Mizani ya muuzaji tunaiogopa. Tuiogope na ya kwetu.

Harusi ikikaribia, tuagize mapema kwa jina la familia nzima, tutoe kianzio ili anunue mafuta, na tumalizie siku ya kupokea mzigo. Bi harusi ataingia kwake ananukia vizuri, na hakuna mama atakayemdai.