Kruza: baiskeli ya kiwandani, akili ya uani

Wadau, leo naomba tuzungumzie baiskeli. Kabla hujasema "huyu naye kaishiwa habari", fanya jambo moja dogo. Pita kwa fundi baiskeli wa mtaani kwako, inama usome maandishi yaliyo ubavuni mwa matairi. Kwenye Phoenix utakuta 28 x 1½. Kwenye zile za mtumba tunazoziita "maunteni", nyingi utakuta namba inayoanza na 26. Ukibahatika kuona tairi nene kabisa, limeandikwa 26 x 2.125.

Hiyo 28 ni ya Mwingereza, imetufikia kupitia Raleigh za Nottingham na ndugu zake waliotengenezwa India na China. Lakini hiyo 26 x 2.125 ina stori nyingine kabisa. Ilianzia Chicago mwaka 1933, kwenye baiskeli ambayo leo Wamarekani wanaiita kruza.

Kruza umeshaiona kwenye sinema za California hata kama hukujua jina lake. Fremu imepinda kama mgongo wa paka, usukani mpana umerudi nyuma kumfuata mwendeshaji, matairi manene, tandiko pana lenye springi. Wamarekani wengi wanaitengeneza upya wenyewe nyumbani, gereji au uani, wakifunga vipuri vya mtindo wa kizamani: taa ya kromu, madigadi marefu, tangi la bandia. Ukiwatazama unaweza kudhani ni watu wenye hela na muda wa kuchezea. Lakini historia ya mchezo huo ina swali zito ndani yake: nani hasa hubuni vitu, mwenye kiwanda au mwenye spana?

Twende taratibu.

Mwaka 1895 Mjerumani aliyehamia Marekani, Ignaz Schwinn, alishirikiana na Adolph Arnold kufungua kampuni ya baiskeli pale Chicago. Kipindi hicho baiskeli ilikuwa usafiri wa watu wazima. Haikuchukua muda gari likaingia, watu wazima wakahama, na baiskeli Marekani ikabaki kitu cha watoto. Schwinn akajaribu bahati yake kwenye pikipiki pia. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipopiga, mwaka 1931 akaifunga biashara hiyo ya pikipiki.

Mtoto wake, Frank W. Schwinn, akabaki na kibarua cha kuiokoa kampuni. Baiskeli za Marekani wakati huo zilikuwa na matairi membamba yaliyogundishwa kwenye rimu kwa gundi. Yakipasuka, shughuli yake si ndogo. Frank alikwenda Ujerumani akakuta watu wanatumia matairi manene yenye tyubu ndani, yanayohitaji upepo kidogo na yanayomeza mashimo ya barabara. Aliporudi, watengenezaji wa matairi hawakutaka kusikia, mpaka alipowabana. Mwaka 1933 akaingiza sokoni modeli ya B-10E yenye matairi ya 26 x 2.125. Wenye viwanda wengine wakacheka kidogo, kisha wakaiga wote.

Mwaka uliofuata, 1934, ikaja Aerocycle. Hapa ndipo mapambo yalipoanza rasmi. Iliwekewa taa, kengele ya kubonyeza na tangi kama la pikipiki. Tangi lisilo na tone la petroli! Kijana wa kipindi kile cha njaa alikuwa hana uwezo wa kununua pikipiki, basi akauziwa ndoto yake ikiwa na pedali. Kwa hiyo mnaposikia leo watu wanasaka "tangi orijino" la kruza, mjue hata hilo orijino lilikuwa la kuigiza tangu siku ya kwanza.

Sasa kwa nini baiskeli hii ndiyo iliyowavutia mafundi wa nyumbani kuliko nyingine? Jibu liko kwenye vyuma vyake. Breki iko ndani ya habu ya nyuma, unakanyaga pedali kinyumenyume inashika. Maana yake hakuna waya wa breki wala fimbo za breki kama za Phoenix. Krenki ni chuma kimoja kilichopindwa, kinapita katikati ya fremu. Gia ni moja. Kwa spana chache na kopo la grisi, mtoto wa miaka 12 anaweza kuifumua yote sakafuni Jumamosi asubuhi na kuirudisha jioni. Akitaka kubadilisha usukani, anachomoa ule na kuchomeka huu, basi. Kiwanda kilitengeneza kitu rahisi ili kiuzike kwa bei nafuu. Bila kujua, kikawa kimewapa watoto ruhusa ya kukifanyia watakalo.

Na watoto wakakifanyia kweli. Schwinn iliendelea kurembesha, na kuanzia 1949 hadi 1959 iliuza Black Phantom, kruza nyeusi yenye kromu kila kona. Lakini mtaani wengi walikuwa wanakwenda kinyume. Vijana waliosambaza magazeti kwa baiskeli waling'oa madigadi na tangi ili ziwe nyepesi. Kiwanda kinaongeza, uani wanapunguza.

Mapema miaka ya 1960 vijana wa California wakapata wazo jipya. Walichukua baiskeli ndogo za watoto, zenye magurudumu ya inchi 20, wakazifunga usukani mrefu ulioinuka kama wa pikipiki na tandiko refu lenye umbo la ndizi. Habari zikamfikia mhandisi wa Schwinn, Al Fritz, kule Chicago. Badala ya kuwacheka, akaliunda wazo lao kiwandani. Mwaka 1963 likauzwa kwa jina la Sting-Ray, nalo likawa moja ya mafanikio makubwa kabisa ya kampuni hiyo. Hapo kiwanda kilikuwa na sikio. Lakini tuulizane: wale watoto waliobuni, majina yao mnayajua? Hata mimi siyajui. La Fritz limo kwenye kila historia ya Schwinn.

Sting-Ray hiyo hiyo ikarudi tena uani. Vijana wenye asili ya Meksiko wa Kusini mwa California walikuwa wanawatazama kaka zao wakishusha magari yakaribie kugusa lami na kuyapaka rangi za kumeremeta. Serikali ya jimbo iliwabana: sheria iliyoanza kutumika 1958 ilikataza gari ambalo bodi yake iko chini kuliko rimu. Mdogo mtu asiye na gari wala leseni akamalizia hamu yake kwenye baiskeli. Akakunja uma wa mbele, akaongeza spoku, akashona tandiko la mahameli. Kwa hiyo baiskeli zile hazikuwa urembo mtupu. Ilikuwa ni namna ya watu waliosukumwa pembeni kusema "na sisi tupo, tutazameni". Sheria ile ya magari ilifutwa kwa muswada uliosainiwa mwaka 2023. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Kasheshe kubwa zaidi lilitokea kaskazini, jirani na San Francisco, kwenye wilaya ya Marin. Katikati ya miaka ya 1970, vijana wa huko walikuwa wanasaka fremu za kruza za miaka ya 1930 na 1940, hasa Schwinn Excelsior, kwenye vyuma chakavu na stoo za watu. Waliziita "klanka", sisi tungesema mikweche. Waling'oa mapambo yote, wakazipandisha Mlima Tamalpais na vilima vya jirani, halafu wakashuka nazo kwa kasi ya kutisha.

Tarehe 21 Oktoba 1976 wakaanzisha mashindano ya kushuka njia moja karibu na mji wa Fairfax. Njia hiyo waliiita Repack, na jina lina maana yake. Ile breki ya kukanyaga nyuma ilipata moto mno kiasi kwamba grisi ndani ya habu iliungua ikatoa moshi. Ukifika chini lazima ufungue habu, ujaze grisi upya. Ndio maana ya neno hilo: kujaza upya.

Shida hiyo ikawafanya wafikiri. Wakaanza kufunga breki za ngoma, mikono ya breki ya pikipiki, gia za baiskeli za mbio, na usukani mpana. Gary Fisher, Charlie Kelly na Joe Breeze walikuwa katika kundi hilo. Fremu za zamani zilipoanza kuvunjika, mwaka 1977 Breeze aliunda fremu mpya kwa mabomba ya chuma cha kromoli. Mwaka 1979 Fisher na Kelly wakafungua kampuni, fremu wakizichukua kwa Tom Ritchey. Na kwa kuwa babu yao alikuwa kruza, magurudumu yakabaki ya inchi 26. Mnaona sasa ile namba pale kwa fundi ilivyofika? Kufikia Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, mchezo uliozaliwa na mikweche ulikuwa unagombewa medali.

Na Schwinn, wenye fremu zao? Safari hii hawakusikia, au walisikia wakachelewa. Kiwanda cha Chicago kilifungwa mwaka 1983, na mwaka 1992 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Sababu zilikuwa nyingi, ushindani kutoka Asia ukiwemo. Ila kuna kejeli chungu hapo. Mapinduzi yaliyowapita yalifanyika juu ya fremu zenye nembo yao.

Baada ya hapo likaja soko la kumbukumbu. Tayari mwaka ule ule wa 1976, duka moja la Newport Beach lilikuwa limeanza kuuza baiskeli za aina hii kwa ajili ya ufukweni, na ndipo jina la kruza lilipoanza kushika. Mwaka 1993 ikaanzishwa Electra, kampuni iliyojengwa juu ya mtindo huo wa zamani. Mwaka 1995, Schwinn, sasa mikononi mwa wamiliki wengine, ikasherehekea miaka 100 kwa kuitoa upya Black Phantom. Leo vipuri vya mtindo wa kizamani vinatengenezwa vipya, vingi Taiwan na China, na unaletewa mpaka mlangoni.

Kwa mwenye kutaka kujaribu, historia hii inatoa tahadhari mbili. Ya kwanza: si kila inchi 26 ni moja. Rimu ya 26 x 2.125 ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa, lakini Schwinn nyingi za kuanzia miaka ya 1950 zenye tairi la 26 x 1¾ zina milimita 571. Tairi la moja haliingii kwenye nyingine, hata ulilazimishe vipi. Ya pili: ukibadilisha gurudumu la nyuma lenye breki ya kukanyaga, hakikisha ule mkono wa breki umefungwa tena kwenye fremu. Ukiuacha huru, siku unakanyaga ghafla utazunguka na breki haitakuwepo.

Turudi nyumbani kidogo. Sisi hatukuwa na kruza, lakini uani tulikuwa nao. Boda boda tunayoijua leo ya pikipiki ilianza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Ni baiskeli zile zile nzito za Kiingereza, ambazo Wakenya wanaziita Black Mamba. Mtu akaimarisha karia kwa vyuma, akaweka mto juu yake, akafunga pa kuwekea miguu ya abiria, na pale pale ikazaliwa ajira. Hakuna kiwanda kilichomtuma. Jina lake halipo popote.

Breezer ya kwanza ya Joe Breeze iko Washington, kwenye makumbusho ya taifa ya Smithsonian. Karia ya kwanza ya Busia, kama haikuyeyushwa, imelala kwenye vyuma chakavu mahali fulani. Tofauti yao si ubunifu. Wale wa Marin waliandika, walipiga picha, walitunza saa za washindi kwenye daftari, na Kelly alikuwa anaandika makala. Sisi tulitengeneza, tukatumia, tukasahau.

Mafundi waliokuwa wakifunga karia zile wengine bado wapo, ni wazee sasa. Je, katika mtaa wenu kuna mmoja wao? Na kuna mtu aliyewahi kumuuliza chochote zaidi ya bei ya kuziba pancha?