Garsen na hesabu ya mzunguko: Kipindi ndicho huamua mchapuko

MTU aliyeketi kivulini mjini Garsen, katika Kaunti ya Tana River, hudhani ametulia tuli. Kwa hakika anasafiri kuelekea mashariki kwa kasi ya mita 465 kwa sekunde, sawa na takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa kuwa dunia huzunguka kwenye mhimili wake pamoja na vyote vilivyo juu yake.

Katika Fizikia, huo huitwa mwendo wa duara wenye kasi isiyobadilika. Una vipimo viwili vikuu: kipindi, yaani muda wa kukamilisha mzunguko mmoja, na mchapuko, yaani kiwango ambacho kasi au mwelekeo wa mwendo hubadilika kila sekunde.

Vipimo hivyo ndivyo huamua pia ni setilaiti ipi inayoweza kuyatazama bila kukoma mawingu yanayoleta mafuriko ya Mto Tana.

Jiwe la kombeo

Wanafunzi wengi hutatizwa na swali la jinsi kitu chenye kasi ile ile kinavyoweza kuwa na mchapuko. Jibu limo katika kombeo, linalotumiwa kufukuzia ndege mashambani. Jiwe linapozungushwa, mwelekeo wake hubadilika kila nukta kwa kuwa kamba hulivuta kuelekea katikati ya duara. Kamba ikiachiliwa, jiwe hushika njia iliyonyooka.

Mchapuko huo hupatikana kwa kuzidisha 4 kwa kipeo cha pili cha pai na kwa nusukipenyo cha duara, kisha kugawanya kwa kipeo cha pili cha kipindi. Kombeo la mita 1 linalozunguka mara moja kwa sekunde hulipa jiwe mchapuko wa mita 39.5 kwa sekunde kila sekunde, takriban mara nne ya ule wa embe linaloanguka kutoka mtini. Kipindi kikipunguzwa kwa nusu, mchapuko huongezeka mara nne.

Hesabu ya Garsen

Garsen iko zaidi ya nyuzi 2 kusini mwa Ikweta, takriban kilomita 6,373 kutoka mhimili wa dunia. Kipindi cha dunia ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Dakika karibu nne zinazosalia kutimiza saa 24 hutokana na safari ya dunia kulizunguka jua.

Kwa hesabu hiyo, mchapuko wa Garsen ni mita 0.034 tu kwa sekunde kila sekunde, takriban sehemu 1 kati ya 290 ya ule wa uvutano wa dunia. Ndiyo sababu hakuna anayeuhisi. Lau dunia ingezunguka mara moja kila dakika 84, vitu vilivyo karibu na Ikweta vingeonekana kana kwamba havina uzani.

Setilaiti ya Uhuru

Hata hivyo, kasi ya mita 465 si ya kupuuzwa. Katika Ghuba ya Ungwana, ambamo Mto Tana humwaga maji yake huko Kipini, Italia iliweka majukwaa ya San Marco mkabala wa Ngomeni, katika Kaunti ya sasa ya Kilifi. Roketi zilizorushwa hapo kuelekea mashariki, kati ya 1967 na 1988, zilianza safari zikiwa tayari na kasi hiyo ya dunia, hivyo zikaokoa mafuta.

Mnamo Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei zitokazo angani ilirushwa kutoka huko, nayo ikapewa jina Uhuru. Katika kimo cha karibu kilomita 550, iliizunguka dunia kila dakika 96 hivi. Mchapuko wake ulikuwa takriban mita 8.3 kwa sekunde kila sekunde.

Jicho la mawingu

Setilaiti ya kimo hicho hupita juu ya eneo moja kwa dakika chache tu, kisha hutoweka. Ili ionekane imesimama angani, sharti iwe juu ya Ikweta na kipindi chake kilingane na kile cha dunia. Uvutano huruhusu hilo katika umbali mmoja pekee: kilomita 42,164 kutoka kitovu cha dunia, ambako mchapuko ni mita 0.224 kwa sekunde kila sekunde.

Katika umbali huo ndiko iliko Meteosat-9, setilaiti ya shirika la Ulaya la EUMETSAT, ambayo mwaka 2022 ilihamishiwa juu ya Bahari ya Hindi, nyuzi 45.5 mashariki. Setilaiti ya aina hiyo hupiga picha ya mawingu kila dakika 15.

Kwa wakazi wa Garsen, walioshuhudia mafuriko ya 1997, 2018 na 2023, jambo hilo ni zito. Maji mengi ya Tana hutokana na mvua ya nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare, mamia ya kilomita kutoka delta. Mvua ikitambuliwa mapema huko juu, mfugaji huwahi kuondoa ng'ombe na mkulima huwahi kuhamisha chakula kabla mto haujafurika.